SOMO: USIGAWE DISKI YOTE SIKU MOJA



Ghala unalijua. Tuseme umejenga ukuta wa matofali katikati: huku mahindi, huku karanga. Mwaka huu karanga zimezidi. Zinalala nje, na chumba cha mahindi ni kitupu! Utafanyaje? Kubomoa ukuta ni kazi.

Kompyuta nayo ina ghala lake. Linaitwa diski. Humo hukaa hesabu, barua na picha. Diski hugawanywa vyumba, ili picha zikijaa zisimalize nafasi ya hesabu. Lakini mipaka ikiwa ya kudumu, taabu ni ile ile ya karanga.

Iko njia nyingine. Kompyuta zenye Linux zinaweza kutumia programu iitwayo LVM. Programu hiyo huikata diski vipande vidogo vilivyo sawa, kwa kawaida vya megabaiti 4. Kila chumba hupewa vipande kadiri ya haja yake. Si lazima vipande hivyo viwe jirani. Chumba kikijaa, huongezewa vingine.

Tuseme wafuga nyuki wa Kitete, Tabora, wana kompyuta yenye diski ya gigabaiti 500. Wanaweza kugawa hivi:

Programu za kompyuta: 50
Hesabu za wanachama: 50
Picha na barua: 100
Akiba isiyogawiwa: 300

Mbona akiba ni kubwa hivyo? Kwa sababu kupanua chumba ni rahisi, kupunguza ni hatari. Ukipunguza vibaya, unakata na vilivyomo. Hesabu zikipotea, nani atajua kila mwanachama alileta asali kiasi gani, na anadai shilingi ngapi?

Basi shika mambo haya:

1. Kabla ya kubadili ukubwa wa chumba, nakili hesabu kwenye diski nyingine.
2. Usianze kazi hiyo kama umeme unakatika-katika. Ukizimika katikati, vilivyomo vinaweza kuharibika.
3. Vyumba vyote vimo katika diski moja. Diski ikifa, vyote vimekwenda. Kugawa diski siyo kuweka nakala.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Kwa nini wafuga nyuki hawakugawa gigabaiti zote 500?
2. Chumba cha picha kimejaa. Wamekiongezea gigabaiti 80. Akiba imebaki ngapi?
3. Hesabu za kikundi chenu zimewekwa wapi? Nakala yake iko wapi?