Pumu ya Ngozi na Kopo Lisilo na Jina

Mdogo wangu wa Muyinga, kwanza pole. Umeniandikia kwamba kijana wako wa miaka mitatu anajikuna usiku kucha mpaka shuka linapata madoa ya damu, kwamba mikunjo ya viwiko na nyuma ya magoti imekuwa minene na myeusi, na kwamba jirani ameanza kumkataza mwanawe asicheze naye. Halafu mwishoni, kana kwamba ni jambo dogo, ukataja kopo jeupe lisilo na maandishi ambalo wifi yako amelitoa Bujumbura. Anasema ni mitishamba ya Kikorea. Umempaka siku tatu na ngozi ikatulia kabisa, sasa unauliza ununue la pili?

Usinunue. Pia usilitupe, maana nitakwambia baadaye la kulifanyia.

Pumu ya ngozi, ambayo daktari ataiandika ekzema au dematitisi ya atopi, haitulii kwa siku tatu kwa sababu ya majani. Ikitulia haraka hivyo, wazo la kwanza la mtu anayejua dawa ni kwamba ndani mna steroidi kali. Sisemi kwa dhana tu. Mwaka 1999 madaktari wa Uingereza walipima krimu 11 za mitishamba ya Kichina zilizokuwa zikitumiwa na wagonjwa wa ngozi, na 8 kati yake zikakutwa na deksamethazoni. Wagonjwa walikuwa wameambiwa ni mimea mitupu. Na sisi huku tunaijua steroidi kwa mlango mwingine: ndiyo hiyo hiyo inayochanganywa kwenye mkorogo wa kung'arisha ngozi. Ukimpaka mtoto usoni miezi kadhaa bila kipimo, ngozi inakonda, mishipa inaanza kuonekana, michirizi inajichora, na dawa ikifyonzwa na mwili mdogo kama ule inaweza hata kumdumaza.

Sasa tuwe waadilifu kwa Wakorea, kwa sababu wao hawana kosa katika kopo la wifi yako. Tiba yao ya asili ni elimu kamili. Tabibu Heo Jun alimaliza kuandika kitabu kikubwa cha tiba, Dongui Bogam, mwaka 1610, kikapigwa chapa 1613, na mwaka 2009 UNESCO ikakiingiza kwenye orodha yake ya kumbukumbu za dunia. Hadi leo tabibu wa jadi Korea Kusini husoma chuo kikuu miaka sita na hupewa leseni na serikali. Akikaa na mgonjwa wa pumu ya ngozi anauliza usingizi, choo, tumbo, joto la mwili, kisha anapanga dawa ya kuchemsha, sindano nyembamba za kuchoma mwilini, na vitambaa vilivyolowekwa kwenye maji ya mimea vikapoa. Sindano hizo zimeonyesha katika majaribio madogo kwamba zinaweza kupunguza mwasho. Dawa za kunywa ni habari nyingine. Jopo la Cochrane lilipozipitia tafiti za mitishamba ya Kichina, ambayo ni ndugu wa ile ya Kikorea, mwaka 2013, halikupata ushahidi wa kuaminika kwamba inaitibu ekzema ya watoto wala ya watu wazima.

Na kunywa kuna hatari yake. Mwaka huo huo wa 1999 iliandikwa habari ya wanawake wawili wa Uingereza walioharibikiwa figo baada ya kunywa chai ya mitishamba ya Kichina kwa ajili ya ekzema. Ndani yake mlikuwa na mmea wa jamii ya aristolokia. Walitaka ngozi nzuri tu. Kwa hiyo mtu akikuletea pakiti ya kuchemshia mtoto wa miaka mitatu, hata kama imepambwa kwa herufi za Kikorea kutoka juu hadi chini, jibu ni hapana. Na jibu ni hilo hilo kwa mubirizi, ule mmea mchungu wa nyumbani kwetu. Mavyaa wako akitaka kumwogesha mjukuu kwa maji yake, mwambie kwa adabu kwamba ngozi yenye vidonda haipakwi kitu kichungu. Watoto huungua kwa nia njema.

Nirudi kwa mtoto mwenyewe. Ngozi ya watu wenye ekzema imezaliwa na upungufu: ni ukuta wa matofali ambao udongo wa katikati ni haba, kwa hiyo maji ya mwilini yanatoka na vumbi, sabuni na vijidudu vinaingia. Ndiyo maana mtoto anaumwa zaidi Juni hadi Agosti, wakati wa kiangazi, Muyinga ikiwa vumbi tupu na usiku wa Gitega ukiwa na baridi. Ugonjwa huu hutembea kwenye familia pamoja na pumu ya kifua na mafua ya aleji, na hauambukizi. Mwambie jirani hivyo, na umwambie kwa sauti. Najua tangu Julai 2024, mpox ilipothibitishwa nchini kwetu, kila mtoto mwenye vipele anatazamwa kwa jicho baya. Lakini mikunjo mikavu inayokuja na kuondoka tangu utotoni si mpox.

Kitu kingine: vitabu vinasema ngozi inakuwa nyekundu. Kwenye ngozi nyeupe, sawa. Kwetu inakuwa nyeusi zaidi au ya kijivujivu, ina vipelepele kama vya baridi, na ikipona inaacha mabaka meusi au meupe yanayokaa miezi. Muuguzi anayetafuta wekundu anaweza kukwambia mtoto hana kitu. Muulize pia kuhusu magonjwa mawili yanayofanana na pumu ya ngozi. Upele huwasha zaidi usiku, hukaa katikati ya vidole, na mara nyingi nyumba nzima inajikuna. Mapunye na choa huwa na duara lenye ukingo, na ukiyapaka steroidi yanapoa juu juu huku yakitambaa.

Haya, mafuta. Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, na hapa ndipo watu wananikasirikia.

Nyumba nyingi za Waislamu, Gitega na Muyinga, zina chupa ya mafuta ya zeituni, na najua heshima yake katika dini. Yaleni, pikieni. Lakini kwenye ngozi yenye ekzema yaacheni. Utafiti mmoja wa Uingereza uliochapishwa 2013 uliwapaka watu wazima mafuta ya zeituni upande mmoja na ya alizeti upande mwingine kwa wiki kadhaa. Zeituni iliudhoofisha ule ukuta wa ngozi, alizeti haikuudhuru. Alizeti inaingia kwetu kutoka Tanzania kupitia mpaka wa Kobero, kwa hiyo watu wa Muyinga hamna udhuru. Samli ya ng'ombe na mawese ya mikoa ya ziwani vina wapenzi wake, ila samli inavunda kwenye nguo na mawese yanachafua kila kitu, na sioni sababu ya kuhangaika navyo wakati mafuta ya mgando yapo kila duka. Nunua yale yasiyo na harufu wala rangi. Si yale ya waridi, si yale ya watoto yanayonukia sokoni kote. Harufu ndiyo inayowasha.

Upake kiasi gani? Kingi kuliko unavyodhani. Madaktari wa ngozi husema mtoto atumie gramu 125 hadi 250 kwa wiki, maana yake kopo dogo halimalizi wiki mbili. Likidumu miezi miwili, hupaki, unagusa tu. Mwogeshe mara moja kwa siku kwa maji ya uvuguvugu, dakika tano hadi kumi, sabuni ya kufulia isiguse mwili wake. Dodoki na jiwe weka mbali. Mpanguse kwa kumgusagusa na kitambaa, bila kusugua, na akiwa bado na unyevu umpake mwili mzima, ukishusha mkono kufuata vinyweleo. Chota kwa kijiko safi, usizamishe vidole kwenye kopo. Jioni rudia. Siku ambazo ngozi ni nzuri paka vile vile, kwa sababu siku hizo ndizo zinazochelewesha mlipuko unaofuata.

Mlipuko ukija, mafuta peke yake hayatoshi. Hapo steroidi ina kazi yake halali. Usishangae kwamba nimeitukana juu nikaisifu chini. Tofauti ni jina, nguvu na kipimo vilivyoandikwa kwenye tyubu. Kwa uso na watoto wadogo mara nyingi huanzwa haidrokotizoni ya asilimia 1. Betamethazoni ni kali zaidi na ni ya maeneo magumu ya mwili. Klobetasoli ni kali mno, na mtoto asipakwe bila daktari. Kamua mstari wa krimu kutoka pingili ya mwisho hadi ncha ya kidole chako cha shahada: huo unatosha eneo la viganja viwili vya mtu mzima. Mara moja au mbili kwa siku, kwenye sehemu zenye ugonjwa tu, kwa siku alizosema muuguzi, kwa kawaida wiki moja au mbili, kisha unarudi kwenye mafuta. Huko Korea kwenyewe kuna wazazi wanaoogopa steroidi kiasi cha kumwacha mtoto akeshe akilia. Huo nao ni ukatili. Ila vidonge vya prednizoloni na sindano za «kukausha mwasho» vikataeni kama haviambatani na maelezo ya daktari, maana vikiisha ugonjwa hurudi kwa hasira.

Kuhusu chakula nitakuwa mkali, nivumilie. Umeandika kwamba umemnyima mayai, maziwa, maharage, ndagala na karanga tangu Machi kwa sababu shangazi amesema vinaleta vipele. Mdogo wangu, utafiti wa kitaifa wa 2016–2017 ulikuta watoto 56 kati ya kila 100 walio chini ya miaka 5 Burundi wamedumaa. Katika nchi hii huwezi kumpokonya mtoto vitu vitano vya kujenga mwili kwa kubahatisha. Aleji ya kweli ya chakula hujionyesha: anakula, na ndani ya dakika chache hadi saa mbili midomo inavimba, vipele vya mzio vinatokea, anatapika au anakohoa. Ikitokea, chakula hicho kimoja kisimame na umpeleke kituo cha afya. Isipotokea, mrudishie sahani yake leo.

Na wewe wa Gitega, mwanafunzi uliyeniandikia kuhusu pumu ya ngozi ya shingoni, sijakusahau. Umeuliza kama utapata mume na shingo ile. Utapata, na akikukataa kwa sababu ya shingo atakuwa amekuokoa. La muhimu ni piko. Ile nyeusi inayochorwa harusini huwa na rangi ya kutia nywele, na kwenye ngozi yako inaweza kuacha malengelenge yenye umbo la ua lile lile ulilochorwa. Hina ya asili, ile inayotoka rangi ya matofali, ina nafuu, lakini isiwekwe palipopasuka. Sweta la sufu livae juu ya kitambaa cha pamba, pafyumu ipulize kwenye nguo. Na mabaka meusi yaliyobaki shingoni usiyapelekee mkorogo. Yanafifia yenyewe ugonjwa ukitulizwa, polepole, ndiyo, lakini yanafifia.

Kuna siku za kutongoja. Ngozi ikitoa maji na kufanya gamba la njano, au ikawa na usaha na homa, kijidudu kimeingia na huenda ikahitajika antibiotiki. Vikitokea ghafla vidonda vidogo vidogo vinavyofanana, vinavyouma kuliko kuwasha, na mtoto ana homa, nenda siku hiyo hiyo: huenda ni virusi vya hepesi, na kwa mwenye pumu ya ngozi ni dharura. Mpox nayo inaweza kuwashika wenye ekzema kwa nguvu zaidi.

Madaktari bingwa wa ngozi wengi wako Bujumbura, najua, na nauli najua. Lakini hatua ya kwanza si bingwa. Afrika Mashariki tuna kituo cha kufundisha matibabu ya ngozi kwenye hospitali ya KCMC huko Moshi, Tanzania, tangu 1992, na kilianzishwa kwa sababu hiyo hiyo: magonjwa mengi ya ngozi yanatibika mikononi mwa mhudumu wa kawaida aliyefundishwa vizuri. Anza kituo cha afya cha mtaani kwako, kikishindwa kitakuandikia kwenda hospitali ya Muyinga. Tangu Mei 2006 watoto walio chini ya miaka 5 wanatibiwa bure kwenye vituo vya serikali, na wa kwako ana mitatu.

Nenda naye wiki hii. Beba lile kopo la wifi, mwambie muuguzi umelipaka kwa siku ngapi na wapi, na kama umeshalitumia muda mrefu usiliache ghafla kabla hajakuelekeza. Halafu niandikie ulichoambiwa.