Jumanne: Siku Hamsini na Mbili

Soma Nehemia 2:1-8. Mfalme alimwuliza Nehemia maswali gani? Majibu yake yanaonesha nini kuhusu maandalizi yake?

Habari za Yerusalemu zilimfikia Nehemia katika mwezi wa Kisleu. Alilia, akafunga, akaomba. Mfalme Artashasta alimwuliza sababu ya huzuni yake katika mwezi wa Nisani, miezi minne hivi baadaye. Miezi hiyo haikupita bure. Mfalme alipotaka kujua safari itachukua muda gani na atarudi lini, mnyweshaji huyu alitaja muda. Kisha akaomba barua kwa maliwali wa ng'ambo ya Mto, na nyingine kwa Asafu, mtunza msitu wa mfalme, ili apewe miti. Mtu aliyeomba mchana na usiku alikuwa pia amepiga hesabu.

Wapo wanaoona kupanga tarehe na gharama kuwa upungufu wa imani. Nehemia hakuona hivyo, wala Yesu hakufundisha hivyo (Luka 14:28-30).

Alipofika Yerusalemu, hakuanza kwa kupiga mbiu. Baada ya siku tatu aliondoka usiku, akiwa na watu wachache na mnyama mmoja, akaukagua ukuta (Neh. 2:11-16). Mahali pengine mnyama huyo alikosa hata pa kupita. Baada ya kuiona hali ilivyo ndipo aliposema na watu.

Soma Nehemia 3:1-5, 10, 12, 27-30. Kazi iligawanywaje?

Kila kundi lilijua sehemu yake. Kuhani mkuu Eliashibu na ndugu zake walijenga Lango la Kondoo. Shalumu alijenga pamoja na binti zake. Wengine walijenga mbele ya nyumba zao wenyewe, mahali ambapo hakuna mzazi angependa kuacha ufa. Si wote walioitikia: wakuu wa Watekoi walikataa kuinama. Hata hivyo, Watekoi wa kawaida walimaliza sehemu yao, wakachukua nyingine.

Ukuta ulipofika nusu ya kimo, nguvu za wachukuzi zilipungua, kifusi kilikuwa bado kingi, na maadui walitishia kushambulia (Neh. 4:6-12). Nehemia hakuiacha kazi, lakini aliubadili mpango. Nusu ya watumishi wake walifanya kazi, nusu walishika mikuki. Mpiga tarumbeta alikaa karibu naye. Kazi ilianza alfajiri, ikaendelea mpaka nyota zilipoonekana.

Soma Nehemia 5:1-12 na 6:1-4. Nehemia aliitwa na sauti mbili tofauti. Kwa nini aliisikiliza moja na kuikataa nyingine?

Sanbalati na Geshemu walimwita mara nne wakutane katika bonde la Ono. Mara zote nne alikataa kuiacha kazi. Lakini maskini walipolia kwamba wameweka rehani mashamba yao, na watoto wao wanatiwa utumwani, hakuwaambia wasubiri ukuta uishe. Aliitisha mkutano mkubwa, akawakemea wakuu waliotoza riba, akadai mashamba na nyumba zirudishwe. Ukuta ulikuwa kwa ajili ya watu. Kuukamilisha kwa kuwaangamiza watu hao kungekuwa hasara.

Kazi ilimalizika tarehe 25 ya mwezi wa Eluli, kwa siku 52 (Neh. 6:15). Hata maadui walitambua kwamba imetendeka kwa msaada wa Mungu (Neh. 6:16). Mpango mzuri haukumnyang'anya Mungu utukufu wake.

Makanisa mengi yanalijua jengo lililoanza kwa nyimbo na harambee, likafika kwenye lenta, kisha nyasi zikaota ndani. Husemwa kwamba fedha ziliisha. Mara nyingine ni kweli. Mara nyingine hakuna aliyepangiwa sehemu yake, wala aliyeulizwa itakwisha lini. Na mara nyingine ratiba ilikuwepo, ikasukumwa kwa nguvu, ahadi juu ya ahadi, mpaka mjane aliyeshindwa kutimiza yake akaona aibu kuja kuabudu. Jengo la namna hiyo laweza kukamilika kwa wakati, huku kiti chake kikiwa kitupu.

Fikiria kazi moja ambayo kanisa lenu limeianza na halijaimaliza. Kilichokosekana ni maombi, hesabu, mgawanyo wa kazi, au sikio la kuwasikiliza waliochoka? Ni nani unayepaswa kumtembelea juma hili kabla hamjaweka tarehe nyingine?