Utata wa Neno 'Mtandao' Katika Nyumba Yenye Tarakilishi Tatu

Utangulizi

Miongoni mwa istilahi ambazo Kiswahili kimejiundia bila kukopa, 'mtandao' ni mojawapo ya zile zilizopokelewa vizuri zaidi. Asili yake ni kitenzi 'tanda', yaani kuenea, kama wingu linavyotanda angani. Hata hivyo, kupokelewa huko kumelitwika neno hili mzigo mkubwa. 'Mtandao' ni tarakilishi kadhaa zilizounganishwa; ni intaneti nzima ya ulimwengu; ni mawimbi ya simu ya mkononi; na ni kampuni inayotoa mawimbi hayo. Msemaji anaposema kwamba mtandao umepotea, msikilizaji hana budi kukisia. Makala haya yanauchunguza utata huo mahali ambapo unawagharimu watu pesa, yaani katika nyumba ambamo watu kadhaa wanagawana huduma moja ya intaneti.

Mtandao wa ndani na mtandao wa nje

Chukua mfano wa wanafunzi watatu waliopanga nyumba karibu na chuo. Wana tarakilishi tatu, simu tatu na printa moja, nao huchanga pesa kila mwezi kulipia laini moja ya faiba. Fundi wa kampuni huleta waya hadi ukutani na kuuingiza katika kisanduku kinachogeuza miale ya mwanga iwe ishara za umeme. Hapo ndipo intaneti inapoingilia. Kuanzia hapo kazi ni ya ruta, ambayo wengine huiita kipanga njia. Mara nyingi vifaa hivi viwili hutiwa ndani ya kasha moja, na jambo hilo huwafanya watumiaji wadhani kwamba taa za kasha hilo zikiwaka basi kila kitu kipo.

Ruta huviunganisha kwanza vifaa vya nyumba vyenyewe kwa vyenyewe, kwa kebo au kwa waifai, na kukipa kila kimoja anwani ya nambari. Anwani hizo hutoka katika mafungu matatu yaliyotengwa rasmi mwaka 1996 kwa matumizi ya ndani, na lijulikanalo zaidi ni lile linaloanza kwa 192.168. Nyumba ya Kisumu na nyumba ya Mombasa zinaweza kutumia nambari zilezile bila kugongana, kwa sababu nambari hizo hazitambuliwi katika intaneti. Kufikia hapa mtandao umekwisha kuwapo, hata kama hakuna aliyelipa ada ya mwezi.

Kazi ya pili ya ruta ni kusimama mlangoni. Jambo hili halina ugeni kwa yeyote aliyesoma shule ya bweni. Shule nzima ilikuwa na S.L.P. moja. Barua zote zilifika katika sanduku hilo, kisha karani akasoma jina na kuzigawa bweni kwa bweni. Vivyo hivyo, kwa kawaida ulimwengu wa nje huiona nyumba kama anwani moja tu. Tarakilishi inapoomba ukurasa, ruta huandika katika daftari lake ni nani aliyeomba, hutuma ombi kwa anwani ya nyumba, na jibu likirudi hulipeleka kwa mwenyewe. Mbinu hii ilienea kwa sababu toleo la nne la mfumo wa anwani lina nafasi zipatazo bilioni 4.3 pekee, nazo hazitoshi vifaa vya dunia. Toleo la sita limeziongeza mno, lakini la nne lingali linatumika.

Gharama ya kutotofautisha

Mwanafunzi wa kwanza ana rekodi ya mhadhara yenye megabaiti 700, na mwenzake wa chumba cha pili anaihitaji. Aliyezoea kudhani kwamba mtandao ni intaneti ataipakia katika hifadhi ya kampuni fulani, kisha mwenzake aipakue. Kwa laini ya megabiti 10 kwa sekunde, safari ya kwenda peke yake huchukua zaidi ya dakika tisa, maana baiti moja ni biti nane; kisha safari ya kurudi huanza upya. Ikiwa wanatumia bando la simu, data hiyo italipiwa mara mbili. Faili imesafiri mbali ili kuvuka ukuta mmoja! Kumbe kwa kebo ya megabiti 100 iliyochomekwa katika ruta, kazi hiyo ingemalizika katika muda wa dakika moja hivi, bila kutumia hata chembe ya bando.

Kuiandaa nyumba yenyewe si kazi ngumu. Ruta iwekwe katikati na mahali pa juu, kwani kuta za mawe na sakafu za zege hudhoofisha mawimbi. Mawimbi ya gigahezi 2.4 hufika mbali zaidi. Ya gigahezi 5 yana kasi kubwa lakini huchoka upesi. Kebo ya kawaida inaweza kufika mita 100. Kuhusu ulinzi, mbinu ya kale ya WEP haifai kabisa, kwani udhaifu wake ulidhihirishwa mwaka 2001. Panapowezekana itumiwe WPA3 iliyotangazwa mwaka 2018, au angalau WPA2.

Hapa pia lugha hutega mtego, kwa kuwa neno 'nywila' hutumiwa kwa vitu viwili. Kuna nywila ya kuingia katika waifai, ambayo wageni hupewa, na kuna nywila ya kuiendesha ruta yenyewe. Wengi hubadilisha ya kwanza na kuiacha ya pili kama ilivyotoka kiwandani.

Pendekezo la kiistilahi

Si rahisi, wala si lazima, kuvizuia vyombo vya habari kutumia 'mtandao' kwa maana ya intaneti. Mazoea hayo yamekita mizizi. Ila katika ufundishaji na tafsiri, inafaa 'intaneti' ibakie kuwa jina la mfumo wa ulimwengu, na 'mtandao' ufuatwe na kivumishi chake: mtandao wa nyumbani, mtandao wa chuo, mtandao wa simu. Wapo watakaolalamika kwamba 'intaneti' ni neno la kukopa. Malalamiko hayo hayana uzito, kwani 'barua' na 'karani' pia yalikopwa na hakuna anayeyaonea haya.

Manufaa ya pendekezo hili huonekana siku huduma inapokatika. Mwanafunzi hufungua kwanza ukurasa wa ruta, ambao kwa vifaa vingi hupatikana kwa anwani 192.168.1.1 au 192.168.0.1. Ukifunguka ilhali tovuti za nje hazifunguki, hitilafu iko upande wa pili wa ruta. Akipiga simu na kusema "hakuna mtandao", mhudumu atamwambia azime kifaa na kukiwasha tena. Akisema "mtandao wa nyumbani unafanya kazi, ila intaneti haiingii", mhudumu ataanza kuichunguza laini.