Mwalimu Mmoja, Mifuko Mitatu
(Somo la maarifa kwa wanafunzi wa madarasa yote)



Siku ya kwanza ya juma lililopita nilisimama penye mlango wa masomo na karatasi mkononi. Ilikuwa na majina ya wale ambao hawajatoa primu. Ni kazi ya kapita, sikuichagua. Mtoto mmoja wa madarasa ya chini akaniangalia usoni, akasema: "Kapita, Serikali njo inalipaka walimu. Sababu gani tena wanakamata franka ya mama yangu?" Sikuwa na jibu. Nilimwambia tu arudi nyumbani. Lakini neno lake lilinikaa moyoni, kwa maana mwaka jana jina langu mwenyewe lilikuwa juu ya karatasi kama hiyo, na baba yangu ni mwalimu.

Basi nikaanza kuuliza. Nimeuliza baba, nimeuliza walimu wa hapa, nimeuliza mzee mmoja aliyefundisha tangu wakati wa Zaire. Yale niliyopata ninayapanga hapa kama somo, ili yule mdogo wetu apate jibu, na sisi wengine pia.

1. MANENO YA KUJUA KWANZA

Mshahara ni franka ya Serikali inayofika kila mwezi, kama inafika.
Primu ni franka ya wazazi inayogawanywa kwa walimu.
Kazi ya pembeni ni shamba, biashara ndogo, uvuvi au kufundisha watoto nyumbani jioni.
Mekanize ni mwalimu ambaye jina na namba yake vimeingia katika liste ya malipo ya Serikali.
Bareme ni ngazi ya mishahara: kila diploma na kila cheo kina kipandio chake.

Hiyo mitatu ya kwanza ndiyo mifuko ya mwalimu. Ukitaka kujua mwalimu anapata kiasi gani, usiulize tu "analipwa ngapi?" Uliza: "mfuko gani umejaa, na gani ni mtupu?"

2. MFUKO WA SERIKALI

Masomo yetu ni ya kanisa lakini walimu wake ni wa Serikali. Namna gani? Mwaka 1974 Serikali ya Mobutu ilinyang'anya makanisa mashule yao. Kazi ikawashinda, na tarehe 26 Februari 1977 wakaandikiana mapatano: makanisa yaongoze mashule, Serikali ilipe walimu na kuweka programu. Ndiyo sababu tunaitwa shule ya mapatano. Katika miaka ya 1980 ikaundwa ofisi ya kuhesabu na kulipa walimu, SECOPE, ambayo siku hizi ni DINACOPE.

Lakini kufundisha ni jambo moja, na kuwa mekanize ni jambo lingine. Shule inaweza kufunguliwa leo, watoto wakajaa, mwalimu akaandika ubaoni miaka na miaka, na jina lake halijaingia katika liste. Walimu hao huitwa NU, maana yake wapya, hata kama wengine wamepata mvi. Baba yangu alifundisha miaka sita namna hiyo katika kijiji cha kando ya ziwa, upande wa Fizi. Miaka ile sita hakuna aliyeirudisha.

3. DIPLOMA NA MIAKA YA KAZI

Katika bareme, mwenye diploma ya Serikali (D6) yuko chini ya mwenye gradua (G3), naye yuko chini ya lisanse (L2). Mkurugenzi na prefe wa masomo wako juu ya mwalimu wa darasa. Hapo mambo ni wazi.

Na miaka ya kazi je? Wengi tunafikiri mzee wa miaka thelathini anapata mara mbili au tatu kuliko kijana. Sivyo. Tazameni hesabu hii. Namba ni za mfano tu. Kijana anapata 100, mzee anapata 150. Mzee amemzidi kijana kwa nusu nzima. Serikali ikiongeza 100 kwa kila mtu, wanakuwa 200 na 250: mzee anamzidi kwa robo. Ikiongeza tena 100, wanakuwa 300 na 350: anamzidi kwa sehemu moja ya sita. Hakuna aliyemwibia mzee kitu, na wote wawili wamefurahi siku ile. Lakini ngazi imefupishwa, na ujuzi wake umepoteza bei.

Mzee niliyemuuliza alicheka, akaniambia: "Mwana wangu, miaka yangu yote inaonekana ku kichwa, ku mfuko haionekane."

4. MAHALI

Hapa ndipo tofauti kubwa iko. Nimeona njia tatu.

(a) Zoni. Kwa miaka mingi mwalimu wa Kinshasa alilipwa zaidi kuliko mwenzake wa majimbo, na Lubumbashi nayo ilikuwa na kiwango chake. Diploma ile ile, kazi ile ile. Ndiyo maana masindika ya walimu yalidai sana kwamba zoni hizo ziondolewe.

(b) Primu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 pesa ya nchi ilianguka kabisa, mshahara haukununua kitu, walimu wakagoma. Ili mashule yasife, wazazi na makanisa walipatana kwamba wazazi watoe kitu kwa muda mfupi. Muda huo mfupi umepita miaka thelathini.

Sasa tuhesabu tena kwa mfano. Shule ya mjini, tuseme Mulongwe ama Kavimvira, ina wanafunzi 400, kila mmoja anatoa franka 20.000 kwa mwezi. Ni 8.000.000. Walimu ni 25: kila mmoja 320.000. Shule ya milimani, tuseme upande wa Bijombo, ina wanafunzi 90, kila mmoja anatoa 5.000. Ni 450.000. Walimu ni 8: kila mmoja 56.250. Na hiyo ni kama wote wametoa, na ofisi haijachukua sehemu yake. Kule juu mzazi mwingine analeta maharagi. Kwa hiyo wa mjini anamshinda wa milimani karibu mara sita, bila kumshinda kwa diploma wala kwa jasho.

Hata mjini mfuko huo unaweza kutoboka. Mwezi wa Aprili 2020 mto Mulongwe ulipofurika na kubeba nyumba za watu, wazazi wengi hawakuwa na kitu cha kutoa.

Tusisahau mwaka 2019. Mwezi wa Septemba mwaka ule Serikali ilianza kutimiza ile elimu ya bure ya primeri iliyoandikwa katika Katiba ya 2006. Watoto wengi waliokaa nyumbani waliingia darasani, na hilo ni jambo la kushukuru. Lakini fikirini mwalimu wa primeri ambaye ni NU: mfuko wa wazazi umefungwa na mfuko wa Serikali haujafunguliwa. Kwetu sekondari primu ilibaki.

(c) Njia ya kufuata mshahara. Tangu mwaka 2011 Serikali ilianza kulipa kwa njia ya benki. Pahali pasipo benki, Caritas ilipewa kazi ya kupeleka franka. Mwalimu wa Uvira anapanga mstari asubuhi, jioni yuko nyumbani. Mwalimu wa milimani anashuka kwa miguu siku nzima au zaidi, analala, anakula, anapanda tena. Sehemu ya mshahara imebaki njiani, na darasa limekaa bila mwalimu siku hizo zote. Basi umbali unamlipisha mwalimu, na unamlipisha mwanafunzi pia. Vita navyo vinafunga njia kabisa: mwaka 2025 Goma na Bukavu zilipotekwa, benki kule zilifunga milango, mwezi wa Desemba mwaka ule ule vita vikafika hapa Uvira.

5. KWA MAJIRANI

Tanzania, ng'ambo ya ziwa, mwalimu wa Serikali analipwa kwa ngazi moja ya nchi nzima, kufuatana na cheti, diploma au digrii. Kigoma na Dar es Salaam ni sawa. Kenya wameongeza vitu viwili. Mwalimu wa Nairobi anapata franka nyingi zaidi ya nyumba, kwa sababu nyumba kule ni bei kali. Na mwalimu wa sehemu ngumu kama Turkana na Mandera anapata nyongeza ya taabu. Yaani mahali pagumu panaongeza, hapapunguzi. Uganda walichagua njia nyingine: mwaka 2022 walimu wa sayansi wenye digrii katika sekondari walipandishwa hadi shilingi milioni 4 kwa mwezi, wa masomo mengine wakabaki karibu na milioni moja. Wakagoma mwezi wa Juni.

Tunajifunza nini? Kwamba tofauti ya mshahara si dhambi peke yake. Swali ni hili: tofauti inamwinua nani? Kwa Kenya inamwinua anayekubali kwenda mahali pagumu. Kwetu huyo ndiye anayeadhibiwa.

6. JIBU LANGU KWA YULE MDOGO

Ndugu yangu, mama yako analipa mara mbili: analipa kodi sokoni, halafu analipa primu. Una haki ya kuuliza. Lakini mwalimu hakukamata franka yako ili atajirike. Anaziba tundu ambalo hakulitoboa. Usimchukie. Na sisi tusiwadharau wale ambao majina yao yako kwenye karatasi. Nimeomba kwa prefe wa masomo kwamba karatasi hiyo isisomwe tena mbele ya watu wote, bali kila mmoja ajulishwe peke yake juma moja mbele. Amesema ataliangalia. Ninangoja.

Mimi niko sehemu ya pedagojia. Nikishinda Mtihani wa Serikali nitakuwa D6. Shule moja ya milimani imekwisha kunialika. Ni NU, wanafunzi wake wanakaa juu ya mawe. Baba ameniambia: "Mimi sitakukataza, lakini hesabu kwanza." Nimehesabu, mmeona hesabu yenyewe. Sijajibu bado.

MASWALI YA KUJIZOEZA

1. Taja mifuko mitatu ya mwalimu. Upi unategemea mahali zaidi?
2. Mwalimu A anapata 200, mwalimu B 300. Wote wakiongezwa 200, B atamzidi A kwa sehemu gani?
3. Kwa nini elimu ya bure ilimwumiza mwalimu NU wa primeri?
4. Someni Luka 10:7 na Yakobo 5:4. Katika habari hii, mwenye shamba ni nani?

Majibu mlete kwa kapita mbele ya Ijumaa.

Kapita wa wanafunzi,
mwaka wa mwisho, Pedagojia