Kupaka Rangi Sanamu za Nakala: Somo Tulilolifundisha Buzuruga

Katika makala haya tunakusudia kueleza somo la Sanaa tulilolifundisha kwa darasa la sita la shule moja ya Buzuruga, Mwanza, pamoja na kosa tulilolitenda ndani yake. Picha vitabuni huonyesha sanamu za kale za Warumi zikiwa nyeupe, na mwalimu huwaambia wanafunzi kwamba ndivyo zilivyokuwa. Sivyo. Nyingi za sanamu hizo za marumaru zilipakwa rangi, nayo ikapotea kwa karne nyingi. Sanamu ya Kaisari Augustus iliyofukuliwa Prima Porta, karibu na Roma, mwaka 1863, ilikutwa bado na mabaki ya rangi yake.

Tulimchagua Epona, mungu wa kike wa farasi. Aliabudiwa na Wakelti wa Gaul, nchi ambayo sehemu yake kubwa leo ni Ufaransa, kisha wapanda farasi wa jeshi la Kirumi wakampokea. Huonyeshwa ameketi kiupande juu ya farasi, au katikati ya farasi. Watoto wetu wanajua ng'ombe kuliko farasi. Tulipowauliza mfugaji huwaombea nini ng'ombe wake, maelezo yakawa mepesi.

Tulifinyanga umbo kwa udongo tukiangalia picha, tukalimwagia plasta kupata kalibu. Kalibu ilipokauka tuliipaka povu zito la sabuni ili nakala isigandamane nayo. Mwalimu akumbuke kutia unga wa plasta ndani ya maji, wala si maji juu ya unga. Aidha, mtoto asitumbukize mkono katika plasta inayoganda, kwani hupata moto na huweza kuunguza vibaya. Nakala iachwe ikauke siku kadhaa kivulini. Sisi tulifanya haraka, na rangi ikabanduka kama magamba ya sato.

Hilo halikuwa kosa kubwa. Kosa kubwa ni kwamba tuliweka makopo ya rangi mezani na kusema, "Pakeni mpendavyo." Epona akavikwa kitenge cha zambarau. Mwanafunzi mmoja akauliza, "Mwalimu, nani aliyeiona rangi hii?" Hatukuwa na jibu, maana jiwe la pichani lilikuwa tupu.

Juma lililofuata tulianza upya. Safari hii tuliwapa rangi za namna iliyojulikana kwa Warumi: udongo mwekundu na wa manjano uliochekechwa, chokaa, na mkaa uliosagwa, vyote vikikorogwa kwa kiini cha yai. Buluu yao iliyotengenezwa kwa shaba na mchanga hatukuweza kuipata. Tuliwaeleza tu kwamba mabaki yake, hata yasiyoonekana kwa macho, hung'aa katika kamera maalumu. Nyuma ya kila nakala mwanafunzi aliandika rangi ipi ina ushahidi na ipi ni makisio. Kwa Epona wetu, karibu yote yalikuwa makisio, na waliyaandika hivyo bila haya.

Siku chache baadaye mzazi mmoja alirudisha nakala ikiwa imefungwa katika gazeti. "Mwalimu, mungu huyu asilale nyumbani kwangu," alisema. Tulimkaribisha darasani, na mwanawe akamsomea maandishi ya nyuma. Mzee alisikiliza kwa makini, akashukuru, akaiacha sanamu shuleni. Alikuwa na haki: tulipaswa kuwaarifu wazazi kabla ya kuanza.

Kwa darasa lijalo tumechagua kichwa cha udongo wa kuchomwa kilichopatikana Luzira, karibu na Kampala, ufukweni mwa ziwa letu hili, mwaka 1929, ambacho kimehifadhiwa katika Jumba la Makumbusho la Uingereza, London. Wataalamu hawajakubaliana kilikuwa cha nini. Nakala zake tutazipaka rangi ya udongo wa kuchomwa tu, na nafasi ya jina la mungu, kule nyuma, itaachwa wazi.