Ukijua bei itashuka wiki ijayo, unamwambia mteja?

Leo sina somo la kupiga picha bidhaa wala la kuandika tangazo. Nina swali, na limezeeka kuliko biashara zetu zote hapa. Lina zaidi ya miaka 2,000.

Mroma mmoja anaitwa Cicero, mwanasheria na mwanasiasa, mwaka 44 KK alimwandikia mwanawe aliyekuwa anasoma Athens kitabu kuhusu wajibu wa mtu. Ndani yake kuna kisa cha mfanyabiashara wa nafaka. Jamaa katoka Alexandria, Misri, na shehena kubwa, anafika kisiwa cha Rhodes anakuta njaa imebana na bei iko juu kweli kweli. Sasa shida ni kwamba njiani ameziona meli nyingine zimejaa nafaka, zinakuja hukohuko. Watu wa Rhodes hawajui. Awaambie, au anyamaze auze kwa bei ya siku hiyo? Na Cicero anasema kabisa huyu si tapeli. Ni mtu mwaminifu, akiona kunyamaza ni vibaya hatanyamaza. Anachotaka kujua ni kama kweli ni vibaya.

Shule yangu iliishia kidato cha nne na kisa hiki nilikisoma kwenye simu, ila nilikielewa palepale. Hiyo si ndiyo Kariakoo?

Walimu wawili wa falsafa wanabishana hapo. Diogenes wa Babeli (siyo yule aliyelala kwenye mtungi, huyo mwingine) anasema taja kasoro ambazo sheria inakutaka utaje, usidanganye, basi. Kunyamaza siyo kuficha. Nimeleta mzigo wangu, siuzi ghali kuliko wenzangu, kosa langu liko wapi? Mwanafunzi wake Antipater, mtu wa Tarso kulekule alikotoka Mtume Paulo, anamkatalia mwalimu wake. Yeye anasema binadamu ni ndugu, faida yako na ya mwenzako haziachani, kwa hiyo anachojua muuzaji mnunuzi naye akijue.

Cicero anakaa na Antipater, lakini anaweka mpaka ambao mimi ndio umenisaidia. Siyo kila unachokinyamazia umekificha. Unaficha pale unapotaka, kwa faida yako, mtu ambaye jambo linamhusu asijue unachojua wewe.

Tulete kwetu. Nauza mikoba ya kike. Juzi wakala wa mizigo kaniambia kontena limeshatoka bandarini, mkoba ninaouza jumla 28,000 wiki ijayo utapatikana kwa 21,000 hivi. Siku hiyohiyo dada mmoja wa Songea, mteja wangu wa jumla, anataka mikoba 20. Hela anayo, anauliza tu namba ya kulipia. Diogenes angesema tuma namba. Na msimdharau, hoja yake ina nguvu: bei ya leo ni ya leo, kontena linaweza kuchelewa, na mimi nilinunua ghali. Kodi ya fremu haisubiri falsafa.

Nikamwandikia: "Dada yangu, nasikia kuna mzigo unaingia, bei inaweza kushuka wiki ijayo. Kama una haraka chukua michache kwanza." Akachukua 6. Ile 14 ikabaki kwangu, na bei ikashuka kweli. Iliniuma.

Kwa nini nilimwambia? Kwa sababu yeye ananunua ili auze. Atapanga mkoba wa 28,000 dukani, jirani yake apange uleule wa 21,000, na aliyemfikisha hapo ni mimi niliyekuwa najua. Jambo linamhusu moja kwa moja. Mteja wa rejareja anayetaka mkoba mmoja wa harusi ya Jumamosi simwelezi habari za kontena, huyo ananunua Jumamosi yake. Na bei niliyonunulia, au ninakochukua mzigo, simwambii mtu yeyote. Hapo Antipater atanisamehe.

Kasoro ni habari nyingine. Zipu inakwama, bitana imechanika, piga picha uweke. Hata sheria ya Kirumi ilimtaka anayeuza nyumba au shamba ataje kasoro anazozijua.

Kuna kisa kingine humohumo ambacho kinawahusu wanaotengeneza skrinshoti za "nimepokea mzigo, asante sana". Pythius, mtu wa fedha kule Syracuse, alikuwa na bustani ufukweni. Mroma mmoja, Canius, akawa anatafuta ya kununua. Pythius akamwalika chakula, huku ameshawapanga wavuvi waje kuvua mbele ya bustani yake siku hiyo. Canius anafika, mitumbwi imejaa, kila mvuvi anakuja kumwaga samaki miguuni kwa Pythius. Akaambiwa samaki wote wa Syracuse wako hapa. Akang'ang'ania kununua, akalipa bei aliyotajiwa. Kesho yake akaalika marafiki, hakuna hata mtumbwi mmoja. Akamuuliza jirani, leo wavuvi wana sikukuu? Jirani akamjibu hapa hajavua mtu, hata yeye jana alishangaa.

Mikoba imebaki 9, kwa bei mpya. Ule wa kahawia zipu yake nzito kidogo, angalia picha ya tatu.