Mashine ya Vyombo Inapoosha kwa Maji Baridi

Sahani zikitoka na utando wa mafuta, na kidonge cha sabuni kikabaki nusu kwenye kikasha chake mlangoni, watu husema hita imeungua. Huenda ni kweli. Lakini hita hupimwa mwisho, maana mashine haiiwashi kabisa ikiona maji hayatoshi, na umeme ukiwa dhaifu hata hita nzima hushindwa kazi.

Tazama kwanza programu uliyochagua. Ile ya Eko huosha kwa nyuzi 50 hivi na huchukua saa nyingi. Ya kusuuza tu haipashi maji. Na vyombo vya plastiki kutoka vimelowa si ugonjwa, plastiki ndivyo ilivyo.

Ukitaka kujua kama hita inawaka, huhitaji fundi bado. Zima friji na kila kinachokula umeme, washa programu ya nyuzi 65, kisha baada ya robo saa nenda kwenye mita ya LUKU (au ya tokeni, kwa walio Kenya) ukiangalie kile kitaa kinachopepesa. Kwenye mita iliyoandikwa 1000 imp/kWh, hita ya wati 2,000 hukifanya kipepese kila baada ya sekunde mbili hivi. Pampu peke yake ikila wati 100, utasubiri zaidi ya nusu dakika. Rudi ukatazame tena na tena, kwa sababu hita haiwaki muda wote.

Kitaa kikienda polepole mwanzo hadi mwisho, anza na maji. Mashine nyingi za Ulaya huhitaji msukumo wa angalau baa 0.5, yaani tangi liwe mita 5 juu ya mashine. Tangi lililo juu ya banda la mita 3 halifiki hapo. Funga bomba, fungua mpira wa kuingizia maji, uoshe kichujio kidogo kilicho mdomoni mwake. Mchanga wa kisimani hupenda kukaa hapo. Kisha fuata mpira wa kutolea maji: ukilala sakafuni badala ya kupandishwa kwanza, maji hutoroka huku yakiingia, na mashine haioni kina cha kuruhusu hita.

Kitaa kikienda kasi kiasi tu, shuku umeme. Hapa kwetu ni volti 230. Zikishuka hadi 180, hita ya wati 2,000 hubaki na wati 1,225 hivi, kwa sababu nguvu yake hupungua kwa mraba wa volti. Mashine nyingine husubiri tu. Nyingine hukata tamaa na kuonyesha msimbo wa hitilafu. Waya mwembamba wa ekstensheni huongeza tatizo, nao ukiguswa na kuonekana wa moto ni hatari. Chomeka mashine moja kwa moja kwenye soketi ya ukutani yenye ethi.

Sasa ndipo hita. Kazi hii mwachie fundi, tena plagi ikiwa imechomolewa. Hita ya wati 2,000 husoma omu 26 hivi kwenye mita ya fundi. Isiposoma kitu, imekatika. Ikisoma kati ya ncha yake na bodi ya chuma, inavujisha umeme. Ndiyo ile inayoangusha swichi kuu kila maji yanapoanza kupata moto. Hiyo usiilazimishe kwa kurudisha swichi. Hita ikiwa nzima, hubaki sensa ya joto, nyaya zake na relei kwenye bodi ya saketi, ambayo mara nyingi huungua kwenye risasi tu na huchomelewa upya kwa bei ndogo.

Kabla ya kuagiza kipuri, piga picha kibandiko cha modeli kilicho ukingoni mwa mlango. Katika mashine nyingi mpya hita imo ndani ya pampu na hubadilishwa pamoja nayo, kwa hiyo bei huruka. Mwambie fundi apime mbele yako na akuachie kipande cha zamani. Kikitoka na ukoko mweupe, jaza chumvi maalumu ya mashine mara kipya kinapofungwa, hasa kama unatumia maji ya visima vya pwani, ambayo mwamba wa matumbawe huyajaza chokaa. Chumvi ya mezani haifai, ni laini mno na huziba.